Pesa Imeingia, Mzigo Umeondoka: Hasara ya Mauzo ya Mtandaoni Inaangukia kwa Nani?

Anayeuza vitu mtandaoni husubiri jumbe mbili. Wa kwanza unamwambia kwamba mnunuzi amelipa. Wa pili, siku au wiki kadhaa baadaye, unamwambia mzigo umepokelewa. Ukishafika huo wa pili, wengi hushusha pumzi na kuihesabu biashara kuwa imekwisha. Kisha, pengine mwezi wa tatu tangu auze, inaingia taarifa kwamba malipo yamepingwa, kiasi chote kimeondolewa kwenye salio pamoja na ada ya mgogoro, na muuzaji ana muda mfupi wa kujieleza. Mzigo hana, pesa hana, na mara nyingi hajui hata swali analotakiwa kulijibu.

Wanaofikwa na hali hii hudhani wameangukia mikononi mwa tapeli, na wakati mwingine ni kweli. Lakini hata tapeli anafanikiwa kwa sababu ya jambo moja ambalo wauzaji wachache hulizingatia: pesa na mzigo husafiri kwa njia mbili zisizojuana. Njia ya pesa ina benki, mitandao ya kadi na kampuni za malipo, na kanuni zake zimetungwa ili kumlinda mlipaji. Njia ya mzigo ina posta, kampuni za usafirishaji na forodha, na mkataba wake ni kati ya mtumaji na mbebaji. Muuzaji ndiye amefunga mkataba kwenye njia zote mbili, kwa hiyo kila pengo lililopo kati yake linamwangukia yeye.

Pesa inayoweza kurudi

Tuchukue biashara moja tuifuate. Kinachouzwa ni lenzi ya kamera iliyotumika, mnunuzi yuko nchi nyingine, na amelipa kwa kadi. Anapothibitisha malipo, benki iliyompa kadi inaidhinisha, mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard unapitisha ombi, na benki au kampuni inayompokelea muuzaji inaandika kiasi kile kwenye salio lake. Muuzaji akiona tarakimu zile anaona pesa yake. Kwa kanuni za mitandao ya kadi, hayo ni malipo yenye masharti. Mwenye kadi akienda benki kwake na kudai kuna kasoro, malipo yanaweza kuvutwa kurudi kwa njia ileile yaliyopitia, na kwa kawaida muuzaji hukatwa kwanza, ndipo utetezi wake usikilizwe.

Ulinzi huu una mizizi ya kisheria. Marekani ilipitisha mwaka 1974 sheria ya haki katika bili za mikopo, inayompa mwenye kadi ya mkopo siku 60 za kupinga kosa tangu atumiwe bili, na bidhaa isiyofikishwa kama ilivyokubaliwa imo ndani ya makosa hayo. Mwaka huohuo Uingereza ilipitisha sheria yake ya mikopo kwa walaji. Kifungu cha 75 cha sheria hiyo kinaifanya kampuni iliyotoa kadi ya mkopo iwajibike bega kwa bega na muuzaji kwa bidhaa ya bei inayozidi pauni 100 hadi pauni 30,000. Mitandao ya kadi nayo ikatunga kanuni zake, ambazo zinafanya kazi nchi hadi nchi na kwa kadi za kawaida za benki pia.

Sina ugomvi na ulinzi huo. Mnunuzi analipia kitu asichokishika, kwa mtu asiyemjua, na bila haki hiyo watu wachache wangethubutu kununua mbali. Ninachotaka muuzaji akijue ni urefu wa muda wake. Kwenye Visa na Mastercard, madai mengi yanaweza kufunguliwa ndani ya siku 120. Dai likiwa kwamba bidhaa haikufika, Visa huanza kuhesabu siku hizo tangu tarehe ambayo bidhaa ilitarajiwa kufika, na ukomo wa juu ni siku 540 tangu muamala. PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, inampa mnunuzi siku 180 tangu siku ya malipo kufungua mgogoro. Dhamana ya eBay, jukwaa la kuuzia vitu mtandaoni, kwa wanunuzi ni fupi zaidi: kwa kawaida siku 30 tangu mzigo upokelewe au tangu tarehe ya mwisho uliyotarajiwa kufika.

Milango hii haifungani. Mnunuzi aliyeshindwa dai kwenye jukwaa la mauzo bado anaweza kwenda benki kwake na kuanza upya, na uamuzi wa jukwaa hauifungi benki. Muuzaji aliyeshinda mwezi wa kwanza akatupa risiti zake anaweza kuulizwa jambo lilelile mwezi wa nne, na safari hii anayeuliza ni mtu asiyejua chochote kuhusu yaliyojadiliwa mwanzo. Kuhamisha salio mapema kwenda benki nako hakumwokoi: kampuni ya malipo itaiacha akaunti na salio hasi, kisha imdai.

Kila dai lina swali lake

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wauzaji waaminifu wanaposhindwa kesi ambazo wangezishinda.

Benki haipokei malalamiko kwa ujumla wake. Kila dai hupewa sababu yenye namba. Kwenye Visa, 13.1 ni bidhaa ambayo haikufika. 13.3 ni bidhaa isiyofanana na maelezo au yenye kasoro. 10.4 ni pale mwenye kadi anapokana kabisa kuufanya muamala uliofanyika bila kadi kuwapo mkononi. Haya ni maswali matatu tofauti, na ushahidi wa moja hausaidii lingine. Muuzaji akiulizwa kama lenzi ilikuwa na fangasi ndani ya kioo, naye akajibu kwa kurasa nne za kuthibitisha kwamba ilifika, amethibitisha jambo ambalo hakuna aliyelikana.

Dai la kutofika ndilo lililo jepesi kujibu, ilimradi matayarisho yalifanyika kabla ya kutuma. Kinachotakiwa ni rekodi ya mbebaji inayoonyesha mzigo ulifikishwa kwenye anwani ileile iliyoandikwa kwenye muamala. Siyo anwani aliyotaja mnunuzi baadaye kwenye ujumbe, hata kama aliitaja kwa adabu na kwa sababu inayoeleweka. PayPal inatazama anwani iliyo kwenye ukurasa wa maelezo ya malipo. Mzigo ukienda kwingine, ulinzi wa muuzaji umekwisha, na hapo ndipo tapeli anapopatumia. Analipa, kisha anaandika kwamba amehama, au kwamba mzigo upelekwe kazini kwake. Dawa yake ni kurudisha malipo na kumwomba alipe upya kwa anwani sahihi. Mnunuzi wa kweli atalalamika kidogo kisha atalipa. Yule mwingine hatarudi.

Kwa malipo ya kuanzia dola 750 za Marekani, PayPal inataka zaidi ya rekodi ya kufika: inataka sahihi ya aliyepokea. eBay nayo ina kiwango hichohicho. Muuzaji wa lenzi ya bei kubwa anayebana gharama ya huduma ya sahihi amebaki bila kinga kwenye mauzo yale yale ambayo hasara yake ingemuuma zaidi.

Kuna mtego mwingine hapa ambao huwanasa hata wazoefu. Mnunuzi analipa mtandaoni, kisha anasema atakuja mwenyewe kuchukua. Wanakutana, anaikagua lenzi, anashukuru, anaondoka. Baadaye anafungua dai kwamba hakupokea kitu. Hakuna namba ya ufuatiliaji, hakuna rekodi ya mbebaji, na kuikabidhi lenzi mkono kwa mkono hakuhesabiki kuwa ushahidi wa kufikisha. Mtu anayekuja kuchukua mwenyewe alipe hapohapo, kwa njia isiyoweza kuvutwa kurudi, na muuzaji ahakikishe pesa imeingia kwa kufungua akaunti yake mwenyewe. Asiridhike na ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mwingine.

Dai la kukana muamala lina ukatili wake, kwa sababu anayedai kwa kawaida anasema kweli. Mwizi aliiba taarifa za kadi, akainunua lenzi, ikafika kwake, akasaini. Mwenye kadi aliiona bili akashtuka. Muuzaji akileta rekodi ya kufika, anathibitisha tu kwamba mwizi aliipata. Kinga halisi iko kabla ya malipo kukubaliwa, nayo ni uthibitisho wa mwenye kadi unaofanywa na benki yake, ule wa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au idhini ndani ya programu ya benki, unaojulikana kama 3-D Secure. Malipo yaliyopita hapo, hasara ya wizi wa namna hii kwa kawaida huhamia kwa benki iliyotoa kadi. Tangu Aprili 2023 Visa inakubali pia ushahidi wa miamala miwili ya zamani ya mteja huyohuyo, ya kati ya siku 120 na 365 kabla, ambayo haikupingwa kwa madai ya wizi na ina alama zinazolingana, kama vile anwani ya intaneti au kifaa kilichotumika. Ni msaada kwa duka lenye wateja wanaorudi. Kwa anayeuza lenzi moja kwa mgeni, haumfai.

Kwa hiyo muuzaji mdogo amebaki na macho yake. Anwani inayotumiwa na kampuni ya kusambaza mizigo kwenda nchi nyingine. Jina la mlipaji lisilolingana na la mpokeaji. Haraka isiyo na sababu. Mnunuzi asiyeuliza hata swali moja kuhusu kitu ghali. Kila dalili peke yake inaweza kuwa na maelezo mazuri; zikikutana tatu, ni afadhali kuikosa biashara.

Dai gumu kuliko yote ni la kutofanana na maelezo. Hapa hakuna rekodi ya mbebaji inayomaliza ubishi, kwa sababu mzigo ulifika na pande zote zinakubali. Kilichobaki ni neno la huyu dhidi ya neno la yule, na majukwaa mengi huelekea kumwambia mnunuzi arudishe bidhaa, muuzaji alipe nauli ya kurudi na kurejesha pesa. Mnunuzi mwongo anaweza kurudisha lenzi mbovu aliyokuwa nayo, au boksi lenye kitu chenye uzito unaokaribiana. Dhidi ya hilo, kinachosaidia ni maelezo ya tangazo yenyewe. Tangazo linaloandika "iko vizuri sana" halimlindi mtu. Tangazo linaloandika kwamba kuna mkwaruzo wa milimita kadhaa karibu na pete ya kulenga, kwamba kioo cha mbele hakina fangasi, lenye picha ya mkwaruzo huo na picha ya namba iliyochapwa kwenye mwili wa lenzi, tayari limejibu nusu ya madai yanayoweza kuja.

Mzigo ukiwa njiani ni wa nani?

Wafanyabiashara wa zamani walikuwa na jibu lao. Bidhaa ikishakabidhiwa kwa mbebaji, hatari imehamia kwa mnunuzi. Meli ikizama, hasara ni yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya kimataifa ya bidhaa, uliotiwa saini Vienna mwaka 1980, bado unafuata mwelekeo huo: kifungu cha 67 kinahamisha hatari pale bidhaa inapokabidhiwa kwa mbebaji wa kwanza, kama mkataba haukutaja mahali maalumu pa kukabidhi. Lakini mkataba huo hauhusu vitu vilivyonunuliwa kwa matumizi binafsi.

Sheria za kumlinda mlaji ziligeuza meza. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 kuhusu haki za walaji linasema hatari inahamia kwa mnunuzi pale yeye, au mtu aliyemteua asiye mbebaji, anapoishika bidhaa mkononi. Uingereza ina kanuni hiyohiyo kwenye sheria yake ya haki za walaji ya mwaka 2015. Mahali penye sheria hizi, mfanyabiashara anayemwambia mteja "nilishatuma, kamuulize posta" amekosea. Mzigo uliopotea njiani umepotea ukiwa wa muuzaji.

Sheria hizo zinamlenga mfanyabiashara. Mtu binafsi anayeuza kitu chake cha nyumbani anaweza kuwa na nafasi tofauti mbele ya hakimu. Hata hivyo, kesi nyingi za kiasi kidogo hazifiki kwa hakimu. Zinaamuliwa na jukwaa la mauzo, kwa masharti ambayo muuzaji aliyakubali siku alipojiandikisha, na masharti hayo kwa kawaida humtendea anayeuza lenzi moja sawa na anayeuza mia: hakuna uthibitisho wa kufika, pesa inarudi.

Ndiyo maana namba ya ufuatiliaji inastahili heshima zaidi ya inayopewa. Kwenye mizigo ya posta ya kimataifa, namba hiyo hufuata muundo wa Umoja wa Posta Duniani, shirika lililoanzishwa mwaka 1874 na lenye makao yake Bern. Ina alama 13: herufi mbili za aina ya huduma, tarakimu nane, tarakimu moja ya kuhakiki, na herufi mbili za nchi ilikotoka. Tazama RR123456785GB. R ya mwanzo ni alama ya barua au kifurushi kidogo kilichosajiliwa, GB ni Uingereza, na ile 5 ya mwisho haikuchaguliwa ovyo. Zidisha tarakimu nane za kwanza, moja baada ya nyingine, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, jumlisha, unapata 204. Gawanya kwa 11, kinabaki 6. Toa 6 kwenye 11, unapata 5. Namba ya kubuni iliyoandikwa haraka na tapeli huwa haipiti hesabu hii. Mnunuzi anayerudisha bidhaa akituma namba ambayo hesabu yake haikubali, huenda amekosea kuandika au hajatuma kitu.

Ila namba sahihi nayo ina mipaka. Mifumo mingi huonyesha hadharani mji au msimbo wa posta tu, bila mtaa wala jina. Kuna watu wanaotumia mwanya huo: wanatuma bahasha tupu kwenye anwani nyingine ya mji uleule, mfumo unaandika "imepokelewa", na jukwaa linaamini bidhaa imerudi. Muuzaji aliyefanyiwa hivyo amwombe mbebaji barua inayotaja anwani kamili mzigo ulikofikishwa na uzito uliorekodiwa. Bahasha ya gramu 30 haiwezi kuwa lenzi ya gramu 600, na karatasi moja ya mbebaji yenye uzito huo ina nguvu kuliko malalamiko ya kurasa kumi.

Fidia ya mbebaji

Watu huchanganya ufuatiliaji na bima. Ufuatiliaji unaonyesha mzigo ulipoonekana mara ya mwisho. Bima inalipa ukipotea. Mzigo unaweza kuwa na kimoja bila kingine. Kifurushi kidogo cha kawaida cha posta mara nyingi hakina fidia yoyote. Kilichosajiliwa kina fidia yenye kikomo kisichohusiana na bei ya kilichomo. Kilichokatiwa bima hulipwa hadi thamani iliyotangazwa, na bado mtumaji atatakiwa kuthibitisha thamani hiyo.

Kisha kuna sababu za kukataliwa. Ufungaji duni ndiyo sababu wanayoikimbilia wabebaji kwanza. Lenzi iliyovunjika ndani ya boksi lililobana, lisilo na nafasi ya kujazia kila upande, itahesabiwa kuwa kosa la mtumaji, hata kama boksi limekanyagwa. Orodha ya vitu visivyolipwa nayo hujulikana baada ya ajali, ilhali huwa imechapishwa tangu mwanzo: vioo, vito, fedha taslimu, wakati mwingine vifaa vya umeme vilivyotumika. Betri za lithiamu zinazotumwa peke yake, nje ya kifaa chake, hazikubaliki kwenye posta ya kimataifa ya ndege. Anayetumbukiza betri ya akiba pembeni ya kamera anaweza kuwa amevunja masharti ya mzigo mzima bila kujua.

Na forodha. Mnunuzi anaandika: tafadhali weka kwamba ni zawadi, thamani ndogo, nisilipe ushuru. Ombi hili linaonekana dogo na la kirafiki. Anayekubali ametia sahihi yake kwenye tamko la uongo, na mzigo ukipotea atafidiwa kwa ile thamani ndogo, huku mnunuzi akidai bei kamili aliyolipa. Shinikizo hili limeongezeka kwa sababu misamaha inaondolewa. Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa mizigo ya hadi euro 22 tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ilisitisha msamaha wa ushuru kwa mizigo ya hadi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Mnunuzi anayestushwa na ushuru asioutarajia hukataa kuupokea mzigo, mzigo hurudi polepole au hutelekezwa, na dai la "haikufika" hufunguliwa wakati lenzi iko kwenye ghala la forodha. Muuzaji aandike kwenye tangazo, kwa sentensi moja iliyo wazi, kwamba ushuru wa kuingiza bidhaa unalipwa na mnunuzi, au aulipe mwenyewe kabla ya kutuma kama mbebaji ana huduma hiyo.

Kabla boksi halijafungwa

Kila nilichokieleza kinategemea saa moja ya kazi ambayo watu huiruka. Hakikisha malipo kwa kuingia kwenye akaunti mwenyewe, bila kupitia kiungo cha barua pepe. Kuna barua za uongo zinazodai kwamba pesa imeshikiliwa hadi utume namba ya ufuatiliaji, na pesa hiyo haipo. Mtu akilipa zaidi ya bei na kuomba urudishe ziada kwa njia nyingine, usirudishe kitu: malipo ya kwanza yatavutwa na ziada uliyotuma itakuwa imetoka mfukoni mwako. Mtu akipendekeza mlipane kwa utaratibu wa PayPal wa marafiki na ndugu ili kukwepa ada, ajue nawe ujue kwamba ulinzi wa pande zote mbili umeondoka pamoja na ada hiyo.

Rekodi video moja isiyokatwa: lenzi ikizungushwa, namba yake ikisomeka, ikiingia kwenye boksi, boksi likifungwa selotepu, lebo ikibandikwa, boksi likipimwa kwenye mizani. Video haiaminiwi na kila jukwaa, lakini mnunuzi aliyekuwa anafikiria kudanganya huwa na mawazo tofauti akijua ipo. Kaunta ya posta omba risiti yenye uzito. Mazungumzo yote na mnunuzi yabaki ndani ya jukwaa, kwa sababu picha za skrini kutoka kwenye programu nyingine hupewa uzito mdogo.

Dai likishafika

Soma sababu kwanza. Kisha tarehe ya mwisho ya kujibu, maana dai lisilojibiwa linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Jibu lenyewe liwe fupi, kwa sababu anayelisoma ana mengine mengi mezani. Kwa dai la lenzi kutofika, maneno haya yanatosha: "Bidhaa ilitumwa siku mbili baada ya malipo, kwa namba ya ufuatiliaji iliyoambatishwa. Mbebaji anaonyesha ilifikishwa na kusainiwa. Anwani ni ileile iliyo kwenye ukurasa wa muamala. Siku iliyofuata mnunuzi aliandika ndani ya jukwaa: imefika salama, asante. Rekodi zote nne zimeambatishwa." Hasira, hata ya haki, iachwe nje.

Jambo moja lisifanyike kamwe: kumrudishia mnunuzi pesa kwa mkono mwingine wakati dai liko wazi benki. Muuzaji mwenye huruma, au aliyechoka, humtumia mnunuzi kiasi chote ili yaishe, kisha benki nayo inakamilisha kuvuta malipo ya kwanza. Amelipa mara mbili, na kuipata ile ya pili ni kazi ndefu. Dai likiwa limefunguliwa, marejesho yapitie ndani ya dai lenyewe.

Na kama mzigo kweli umepotea, mrudishie mnunuzi pesa yake bila kumzungusha. Hakuna alichokosea. Ubishi wako sasa ni na mbebaji, na nao una saa yake: kwenye posta ya kimataifa, ulizo la mzigo hupokelewa ndani ya miezi sita tangu siku inayofuata kutumwa kwake. Kabla hujafunga mazungumzo na mnunuzi, mwombe tamko fupi la maandishi, lenye tarehe na jina lake, kwamba hakuupokea mzigo. Wabebaji wengi hulitaka kabla ya kulipa fidia, na mnunuzi aliyekwisha kurudishiwa pesa yake miezi miwili iliyopita huwa hajibu tena barua pepe.